Jumamosi unakwenda Goba: kwa mkaguzi wa nyumba anayeanza

Ujumbe uliingia saa nne usiku, nikiwa naanua nguo kwa sababu mbingu ilishaanza kunguruma. "Shikamoo dada. Nimepata kazi ya kukagua nyumba, ya kwanza. Jumamosi, Goba. Nibebe nini?"

Nilimjibu shuka likiwa begani: tochi yenye betri mpya, futi kamba, timazi, pimamaji fupi, tesita ya soketi, ngazi yako mwenyewe, viatu vya kufunga, daftari na kalamu mbili. Akanitumia kidole gumba. Nikaingia kulala, usingizi ukagoma. Nilikuwa nimejibu swali lake vizuri tu, lakini siku yangu ya kwanza mimi sikuangushwa na vifaa. Vifaa nilikuwa navyo vyote, isipokuwa ngazi, na hiyo ngazi ndiyo ina hadithi.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Marekani kazi hii ina jina lake kabisa. Mnunuzi kwa kawaida hamalizi kununua nyumba kabla mkaguzi hajaingia darini na chini ya sakafu, na majimbo mengi yanamtaka mkaguzi awe na leseni. Kwetu Tanzania mhandisi ana bodi yake, mbunifu majengo ana bodi yake, mthamini naye vivyo hivyo. Mimi na wewe tumezaliwa na simu: "Hebu nenda kaniangalizie ile nyumba." Anayepiga yuko Muscat, au Leicester, au Mwanza, ana pesa aliyoichanga miaka kumi, na ameona picha saba zilizopigwa na dalali asubuhi jua likiwa zuri.

Wangu alikuwa Muscat. Mama mmoja mtu mzima, sauti ya taratibu, alinifikia kupitia rafiki wa shangazi yangu. Alitaka nyumba upande wa Tegeta kwa ajili ya dada yake, vyumba vitatu, uani pana, kisima. Nilikwenda mwezi wa Septemba. Barabara ilikuwa vumbi tupu, majani ya mwarobaini yamekauka ukutani, na nyumba inanukia rangi mpya. Mwenye nyumba alikuwa mzee mstaafu, mpole, na mkewe aliniletea juisi ya ukwaju kabla hata sijafungua begi. Nikakaa. Nikanywa. Hilo la kwanza: usikae. Si kwamba juisi ina ubaya, ila ukishakaa kwenye kochi la mtu umekuwa mgeni wake, na mgeni hainui zulia kutazama sakafu. Sema ahsante mama, niwekee, nitakunywa nikimaliza.

Nilifanya kazi saa tano nzima. Nilikuwa nimetoka chuo karibuni na nilitaka kuonyesha. Nilihesabu nyufa 47, kila moja na picha yake, rula pembeni. Ngazi yangu fupi haikufika tundu la dari, hivyo nikatoka kwenda kuazima kwa jirani. Mlango wa uani wa jirani ulikuwa na kijiukuta mbele yake, tofali mbili kwenda juu, kimepigwa lipu safi na kusuguliwa saruji. Mtoto alikuwa amekikalia anamumunya ubuyu. Nikainua mguu, nikakiruka, nikasalimia, nikapewa ngazi, nikakiruka tena wakati wa kutoka, safari hii kwa taabu kwa sababu ya ngazi. Nikadhani ni cha kuzuia kuku.

Ripoti ilitoka kurasa 31. Mama alinishukuru sana, akalipa nyumba. Aprili iliyofuata aliniita kwa video, akaigeuza kamera ionyeshe alichokuwa ametumiwa: dada yake amesimama sebuleni, maji yako magotini, sufuria inaelea karibu na mguu wa meza. "Mwanangu," aliniuliza, "kwenye zile kurasa ulizoniandikia, haya maji yako ukurasa wa ngapi?"

Hakupandisha sauti. Nilimrudishia ujira wote, ingawa hakuudai.

Ndiyo maana nakwambia Jumamosi usianze na nyumba. Fika nusu saa kabla ya miadi, na acha bodaboda ikushushe mbali. Tembea mtaa. Tafuta vizingiti vya milango, tofali zilizopangwa getini, mifuko ya mchanga iliyosahaulika nyuma ya banda. Tazama geti la chuma: kutu ya kawaida hula popote, lakini kutu iliyokata mstari mmoja ulionyooka kuanzia chini, kimo kilekile geti hadi geti, hiyo imechorwa na maji. Ukuta wa fensi nao una mstari wake, hasa upande wa nyuma ambako hakuna aliyejisumbua kupaka rangi. Ndani angalia chini ya milango ya mbao kama imevimba, na ujiulize kwa nini soketi za sebuleni zimepandishwa kifuani. Rangi mpya nyumba nzima haina neno. Rangi mpya nusu mita ya chini peke yake ni barua ya kukiri.

Na uulize majirani, ila uliza vizuri. Ukisema "Huku kuna mafuriko?" utaambiwa hakuna, kwa sababu na yeye ana nyumba hapo na hataki bei ya mtaa ishuke. Uliza: "Masika maji huwa yanapita wapi?" Watu wanapenda kuelekeza. Atakunyoshea kidole, na kidole hicho ukifuate kwa macho mpaka mwisho. Goba ni vilima na mabonde, nyumba yako inaweza kuwa juu ikawa na tatizo jingine kabisa, maji kukwangua udongo chini ya msingi upande wa mteremko. Shuka ukaangalie. Kama kuna mto au korongo karibu, toa futi kamba: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe. Hukuitwa kukagua hati, najua. Lakini ukiwa mita ishirini kutoka mtoni na hukuandika, mteja atakuuliza macho yako yalikuwa wapi. Dar hii watu wamesahau haraka Desemba 2011, mvua ilipoua watu zaidi ya 40 na waliookolewa mabondeni wakapelekwa kuanza upya Mabwepande.

Maji ndiyo kazi yetu, kwa kweli. Yakiwa chini, yakiwa juu, yakiwa ndani ya ukuta. Mengine yote nitayapitia mbio.

Ya juu kwanza. Siku hizi kila anayejenga anataka nyumba yenye paa la kuficha, ile inayoonekana kama boksi, ukuta umepanda ukalifunika bati. Picha yake nzuri mno. Nyuma ya ule ukuta kuna mfereji, na maji yote ya paa yanategemea tundu moja au mawili ya bomba. Jani la mwembe, mfuko wa plastiki, kiota cha kunguru, basi: mfereji unakuwa bwawa, na bwawa halina njia isipokuwa kuingia dari. Paa la msauzi lenye mteremko wa kawaida linavuja kwa dharau ndogo, msumari uliolegea au kofia ya kileleni mwa bati iliyokaa vibaya, na unapata doa la kisahani darini. La kuficha likivuja linaangusha dari ya jipsamu. Panda. Ukitazama ukiwa chini hujakagua paa, umelisifia. Isipokuwa bati za asbesto za nyumba za zamani, hizo usikanyage wala usikwangue. Zinavunjika chini ya mguu na vumbi lake si la kuvuta. Andika tu kwamba ni asbesto.

Kisha ingia darini. Fanya hivi, nilifundishwa na fundi seremala mmoja wa Buguruni: ukishakaa vizuri juu ya mbao za kenchi, zile zinazobeba bati, zima tochi. Kaa dakika moja gizani. Macho yakizoea, matundu ya bati yanatokea yenyewe, yanang'aa kama nyota, na jua la saa sita linakuonyesha mpaka lile la msumari. Washa tochi, uchunguze mbao chini ya kila nyota. Choma kwa bisibisi. Mbao nzima inakataa, iliyooza inapokea. Mchwa huacha barabara zao za udongo zinazopanda ukutani mpaka kwenye kenchi, na ukiivunja barabara ukakuta bado ina unyevu, ujue wenyewe wapo kazini. Dari ukiwa chini nayo inasema: duara la kahawia kama alama ya kikombe cha chai. Duara moja ni tukio. Maduara matatu, moja ndani ya jingine, ni misimu.

Kuta. Gonga kwa vifundo vya vidole, tembea unagonga. Lipu iliyoshika inajibu kama jiwe, iliyoachia inalia kopo tupu. Ukiona unga mweupe unachipua chini ya rangi, hiyo ni chumvi inayosukumwa na unyevu, na pwani yetu chumvi ina milango mingi: mchanga uliochotwa baharini, maji ya kisima cha Mbezi Beach au Kigamboni yaliyokorogea zege, upepo wenyewe. Kupaka rangi juu yake ni kumfunika mgonjwa shuka. Chumvi hiyohiyo ikifika kwenye nondo, nondo inashika kutu, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokitafuna, zege linapasuka kwa ndani. Utaona mstari wa ufa umelala sambamba na nondo chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, au kwenye boriti, na doa la kutu linatoka jasho. Hapo piga picha, andika, na usiguse kwa nyundo.

Nyufa, ambazo mimi nilizihesabu 47: nyingi ni za lipu kukauka na hazimuui mtu. Nywele tu. Unaotaka kuujua ni ule unaotoka pembe ya dirisha kwenda chini kwa mshazari, au unaoshuka ngazi ngazi ukifuata maungio ya tofali, na ukizunguka nje unaukuta umekusubiri mahali palepale. Huo umetoka kwenye msingi. Sehemu kama Kibaha udongo wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, nyumba inanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka kama mtu anapumua. Mwulize mwenye nyumba ufa una umri gani, kisha tazama ndani yake: ufa wa zamani una vumbi na utando wa buibui, mpya ni mweupe.

Ukikuta ufa kwenye nguzo ya nyumba ya ghorofa, acha kujidai. Andika "aitwe mhandisi wa majengo kabla ya malipo", na upige simu siku hiyohiyo. Wewe si mhandisi, na cheti chako cha ufundi hakikugeuzi kuwa mmoja. Machi 29, 2013 ghorofa lililokuwa linajengwa katikati ya Dar liliporomoka likaua watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024 likaanguka la Kariakoo, watu wakiwa madukani asubuhi. Simaanishi kwamba mkaguzi wa nyumba za watu wa kawaida angeyazuia hayo. Namaanisha ukishaona kitu kwenye nguzo, usikirembe.

Umeme nitakuwa mfupi kwa sababu unaujua kuliko mimi. Tesita kwenye kila soketi, hata ile ya nyuma ya friji, hasa ile ya nyuma ya friji. Kwenye boksi la breka kuna kitufe kidogo kilichoandikwa T, cha kujaribu kama umeme utajikata ukivuja. Omba ruhusa, kibonyeze, umeme ukatike. Usipokatika umepata cha kuandika. Toka nje ukatafute waya wa ethi unakoingia ardhini. Nimeshakuta mara mbili waya umekatwa, shaba imeenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na ndani bafuni kuna hita ya kuogea inafanya kazi. Mwenye nyumba mmoja aliniambia, anacheka, kwamba maji yake "yanatekenya kidogo". Nilimwomba azime hita palepale, kabla sijaandika neno lolote.

Choo. Fungua chemba zote, usione aibu. Koroga bluu ya kufulia kwenye ndoo mbili za maji, mwaga chooni, kimbia chemba ya kwanza, ya pili, mpaka shimoni. Bluu ikichelewa, kuna pahali pameziba. Isipotokea kabisa, kuna bomba limepasuka na uchafu unakwenda unakotaka, na kama kisima kiko hatua kumi kutoka hapo, mteja wako anatakiwa kujua kabla hajanunua simtanki. Watoto wa mtaa watakusanyika kukutazama. Waache.

Sasa ripoti, na hapa nataka unisikilize kuliko kote. Kurasa zangu 31 hazikuwa na uongo hata mmoja. Zilikuwa zimejaa ukweli usio na kazi, na mama wa Muscat alisoma mbili za mwanzo akachoka. Siku hizi ukurasa wa kwanza una mambo matatu, manne yakizidi, yale yanayogharimu pesa nyingi au uhai. Yaliyobaki yanafuata nyuma kwa anayetaka. Kisha namtumia mteja sauti ya dakika tatu, kwa sababu mtu mzima aliye kazini Muscat atanisikiliza akiwa kwenye basi.

Na andika ambacho hukukiona. "Chumba cha tatu kilikuwa kimefungwa, ufunguo haukupatikana." "Ukaguzi umefanyika Septemba, kiangazi. Uvujaji wa paa na njia ya maji ya mvua havikuweza kuthibitishwa." Sentensi ile ya pili ningeiandika mwaka ule, mama angeuliza, na swali moja tu lingenirudisha mtaani. Vijana wanaona aibu kuandika hivyo, wanadhani mteja atasema amelipia nini sasa. Mimi sijawahi kulalamikiwa kwa sentensi ya namna hiyo.

Usiandike "nyumba ni nzuri". Usiandike "nunua" wala "usinunue", hata akikubembeleza, na atakubembeleza, atakwambia "kama ingekuwa ya mama yako je?" Mwambie kuhusu gharama atampigia fundi, uamuzi ni wake, wewe umemwonyesha. Mimi hapa nimewahi kuteleza mara moja, nikamwambia binti mmoja "mimi nisingeinunua". Akaiacha, akanunua nyingine bila kuikagua, na lawama yake ninayo mpaka leo.

Pesa zako zikubaliwe kwa maandishi kabla hujapanda daladala, kiasi maalumu, nyumba iwe nzima iwe mbovu. Zitoke kwa aliyekutuma. Dalali atakuwepo Jumamosi, huwa hawakosi, na atakuwa mchangamfu kuliko wote. Atakuita pembeni, "dogo, hii ya soda, ila usituulie biashara". Usigombane naye, ana watoto. Mrudishie mkononi mbele ya mwenye nyumba, tabasamu likiwepo. Na kazi ya kurekebisha ulichokigundua usiichukue wewe, hata ukiwa fundi bora Dar nzima. Ukishaanza kulipwa kwa ubovu, utauona hata usipokuwepo.

Wewe ni mwanamume, hutaulizwa "dada, utaweza kweli kupanda huko?" Mimi niliulizwa na huyo mzee mpole wa Tegeta. Pengine ndiyo sababu nilikazana na nyufa 47.

Mwaka jana nilikuwa na kazi jirani na pale, mwezi wa Mei, barabara matope. Nikapita. Mlango wa mbele sasa una kizingiti cha tofali tatu, kimebandikwa vigae vilevile vya barazani, mtu asingejua kwamba hakikuwepo tangu mwanzo. Dada yake yule mama alikuwa amekikalia anachambua mchicha. Alinitazama kidogo, akanikumbuka, akasogeza ungo ili nipite. Nikainua mguu, nikaingia.